Sina Pingamizi

Mtaani walimwita Wakili. Waliosoma naye walimwita Kifungu. Mama yake, mkunga mstaafu, hakutumia hata moja kati ya hayo. Alisema "wewe", na ikatosha, maana nyumbani walikuwa wawili tu.

Jina la Kifungu alilipata shuleni. Ilikuwa shule ya kulipia, yenye ukuta mrefu na geti la chuma lililopakwa rangi kila likizo. Kwenye mlango wa bwalo walibandika kanuni za shule. Wenzake walipita mbio kuwahi foleni. Yeye alisimama akazisoma zote. Siku matroni alipolinyima bweni zima chakula kwa kosa la mtu mmoja, yule msichana mwembamba alinyanyuka akamwambia, kwa heshima zote, kwamba kanuni inasema anayeadhibiwa ni aliyekosa. Matroni alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na kuku. Kisha chakula kikatoka. Tangu hapo akawa Kifungu, na ilishajulikana atasomea nini.

Aliyekaa naye dawati moja walimwita Twiga, kwa urefu wake. Huyo hakusoma kanuni. Alisoma watu. Baba yake Kifungu alipougua, na ruhusa ya kwenda nyumbani ikacheleweshwa ofisini, ni Twiga aliyempa mgongo akapanda ukuta. Jioni mwalimu wa zamu alipoita majina, Twiga akaitika kwa niaba yake, kwa sauti ya kike aliyoitoa puani. Mwalimu akasema huyo binti mwenye sauti nzito asimame tumwone. Twiga akasimama. Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akageukia ubao. Lakini adhabu ni adhabu: alisugua vyoo muhula mzima, wala hakulalamika.

Kifungu alimkuta baba yake bado anazungumza. Kesho yake asingemkuta.

Kwa hiyo mtu asiulize kwa nini alimpenda Twiga. Pale shuleni walilelewa hivyo, kwamba mtu hamwachi mwenzake. Ni malezi mazuri. Ila hata kitu kizuri kina mahali pake. Chumvi ni nzuri, lakini haiendi kwenye chai.

Wote wawili walikuja kuwa mawakili. Twiga aliajiriwa kwenye jengo refu lenye lifti na zulia, akatetea makampuni. Kifungu alifungua ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zinanuka rangi na saruji, akatetea wasio na mtetezi: waliofukuzwa kazi, waliotolewa vyombo nje, wajane waliogeukwa na mashemeji. Shule iliwaweka wote wawili ukutani, picha kando ya picha, chini ya maneno yaliyosema hawa ni matunda yetu. Mama yake alipoiona ile picha alisema, "Tunda umekuwa wewe. Mti je, hauna picha?"

Sasa, mawakili wana desturi yao. Wanaiita kupeana tarehe. Mmoja akibanwa na shughuli, anampigia mwenzake wa upande wa pili: nipe tarehe. Asubuhi anasimama mbele ya hakimu anaomba kesi iahirishwe. Hakimu anamgeukia yule mwingine. Yule mwingine anasema maneno mawili: sina pingamizi. Hakimu mwenye mafaili mpaka kidevuni hana sababu ya kugombana na watu waliopatana. Anaandika tarehe nyingine. Mambo yamekwisha, na wenye kesi wanaambiwa, mahakama imeahirisha. Mahakama. Neno kubwa hilo. Halina uso wala mguu, huwezi kulisubiri nje ukaliuliza.

Ndivyo ilivyokuwa kesi ya Mama Pasi.

Huyu mama alifanya kazi kwenye kampuni kubwa ya kufua nguo, akipiga pasi mashuka ya mahoteli kwenye mashine ya mvuke. Siku moja mfuniko wa mashine ukamwangukia mkono wa kulia. Alikuwa ameshamwambia msimamizi kwamba mfuniko umelegea, akaambiwa aendelee na kazi. Alipoungua, msimamizi huyo huyo akamwambia aende nyumbani mpaka apone. Akaenda. Alipopona akarudi, akafika getini, akaambiwa wewe si uliacha kazi?

Hiyo ndiyo iliyomuuma. Mkono aliuzoea. Alijifunza kushika kijiko kwa kushoto, akajifunza kufunga vifungo kwa kushoto. Lakini neno lile, kwamba aliacha kazi, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimwambia Kifungu siku ya kwanza tu, alipokaa kwenye kile kiti cha wageni chenye mguu mmoja mfupi:

"Mwanangu, mimi nataka kusimama pale mbele niseme kwa mdomo wangu. Sikuacha kazi. Nilitumwa nyumbani. Wakishanisikia, hayo mengine watajua wenyewe."

Mumewe alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba zamani, kabla magoti hayajakataa ngazi. Mzee wa maneno machache. Mkewe ndiye aliyezungumza kwa wawili. Yeye alitikisa kichwa pale panapostahili, kama mtu anayetia sahihi.

Na Kifungu alimpenda yule mama. Nani asingempenda? Mara ya kwanza kumwona na joho la mahakamani alilishika upindo akauliza nani kalinyoosha, maana mikunjo yake ni kama njia za panya. Akalivua mabegani mwa wakili wake, akaondoka nalo, akalirudisha limenyooka kama karatasi. Kwa mkono wa kushoto.

Siku ya kesi ilipofika, Mama Pasi alivaa gauni lake la bluu. Twiga ndiye aliyekuwa wakili wa kampuni. Usiku uliotangulia alikuwa amepiga simu: alikuwa na harusi yake wiki hiyo, mambo hayajakaa sawa, nipe tarehe. Harusi ya Twiga. Nani angemnyima? Kifungu akasimama akasema sina pingamizi. Nje akamwambia Mama Pasi kwamba mahakama imeahirisha. Mama Pasi akasema si neno, na gauni limepata matembezi.

Mara ya pili, mwaka na zaidi umepita, mtoto mchanga wa Twiga alikuwa na homa. Hilo nalo ni la kweli, mtoto alikuwa na homa. Sina pingamizi. Mama Pasi, safari hii na kikohozi kidogo, alisema hii mahakama yenu ni kama kinyozi mmoja pale kwetu, kila ukienda unaambiwa kabaki mtu mmoja tu mbele yako. Mumewe akacheka. Kifungu naye akacheka, na kicheko kikamwingia vibaya.

Mara ya tatu Twiga hakuomba. Aliyeomba ni Kifungu.

Alikuwa amealikwa kwenye mkutano mkubwa, ng'ambo, akazungumze jinsi wanyonge wanavyocheleweshewa haki. Alipewa beji ya kifuani na chupa ya maji mezani. Alizungumza vizuri, watu wakapiga makofi. Huku nyuma Twiga alisimama mbele ya hakimu akasema, kwa moyo mmoja, sina pingamizi. Mama Pasi aliambiwa na karani wa ofisi ya Kifungu. Siku hiyo hakuuliza kitu. Alikaa kidogo kwenye benchi la ukumbini kuvuta pumzi, halafu mumewe akamshika mkono mzima wakaondoka.

Kabla tarehe ya nne haijafika, alifariki. Ni kile kikohozi.

Kifungu alikwenda msibani akakaa na wanawake. Mzee alipita akamshukuru kwa kuja. Akasema, "Mahakama ingejua, ingetuwahisha." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayelalamikia mvua. Kifungu akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akasema pole.

Siku zikaenda. Alikuwa na kesi nyingine, alizishinda kadhaa, watu walimletea kuku ofisini kwa furaha, na yeye alishukuru kwa tabasamu lisilofika machoni. Akitazama kile kiti chenye mguu mfupi, anaona mtu. Alimwambia karani akitoe, karani akakitoa, na akaendelea kumwona mtu pale pale, safari hii amekaa hewani.

Mzee alichukua nafasi ya mkewe katika kesi, kama sheria inavyoruhusu. Tarehe ikapangwa. Na hapo ndipo shule ilipoleta mwaliko.

Mwalimu mkuu alitaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wazungumze na waliosoma pale wakaingia kwenye sheria, wakafanya kazi yenye maana kwa watu. Aliwataja wawili, wale wa ukutani. Siku aliyoipanga ni siku ile ile ya kesi.

Twiga alipiga simu jioni, Kifungu akiwa jikoni anachambua mchele, mama yake kwenye kigoda kando yake. Twiga alikuwa na furaha. Alisema wataenda gari moja, wapite wakawaone walimu wa zamani, yule matroni bado yuko, sasa anatembea na fimbo na bado anatisha. Kisha, kama mtu anayeomba chumvi mezani, akasema nipe tarehe.

Kifungu akasema hapana.

Twiga alicheka. Alipoona kicheko kimebaki peke yake, akanyamaza.

"Kifungu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana zimefika tatu."

Twiga alisema moja kati ya hizo haikuwa yake. Alisema kweli. Kifungu akajibu kwamba hiyo ndiyo inayomnyima usingizi kuliko zote. Twiga akauliza atawaambia nini wale watoto. Kifungu akasema hajui, ila hawezi kwenda kuwaeleza watoto wa watu habari za kazi yenye maana huku mwenye kazi hiyo anasubiri kwenye benchi. Simu ikakatika. Nani aliikata kwanza, hata wao hawajui.

Mama yake alikuwa amesikia yote. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kifungu akamsimulia mwanzo mpaka mwisho, tarehe zote, na mkutano wa ng'ambo, na ile pole aliyoitoa msibani mahali pa neno jingine. Alitaka kuambiwa kitu. Mtu mzima akizungumza na mama yake huwa anataka kuambiwa kitu.

Mama akasema, "Mimi nilizalisha watoto wa watu. Mtoto akija, humwambii subiri kwanza, mwenzangu ana harusi."

"Najua, mama."

"Nikikwambia si kosa lako, nitakuwa nakudanganya. Na ukikaa hapa unalia, mzee wa watu atakuwa amepata nini?" Akasukuma sinia. "Maliza mchele. Kesho uende ukamwambie kabla hajaapa. Asije akasimama pale akawatetea nyie bila kujua."

Kesho yake mahakamani, ukumbi ulikuwa umejaa kama kawaida: watu na bahasha zao, mtoto analia, feni inazunguka kivivu. Mzee alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Shati lake lilikuwa na mikunjo. Kifungu aliiona ile mikunjo kabla hajauona uso wake, akajua hakuna tena wa kulinyoosha.

Akakaa kando yake. Hakuzunguka. Alimwambia, mzee wangu, zile tarehe hazikuahirishwa na mahakama. Tuliziahirisha sisi, mimi na wakili wa upande wa pili. Tulisoma pamoja, tunaoneana aibu kunyimana. Ya tatu niliiomba mimi, nilikuwa na safari. Mama angeweza kusema maneno yake siku ya kwanza kabisa.

Mzee alikuwa anatazama mlango wa chumba cha kesi.

"Ile ya gauni la bluu," akasema. "Hiyo nayo?"

"Hiyo nayo."

"Aliliandaa tangu juzi yake."

Vifungu vyote Kifungu alivyovihifadhi tangu utoto, hakuna hata kimoja kilichokuja. Akasema anaweza kumtafutia wakili mwingine, leo hii, na kwamba ana haki ya kumshitaki yeye kwa wakubwa wa mawakili, na atamwandikia mwenyewe malalamiko hayo akitaka. Mzee akanyanyuka. Akaweka kofia kichwani, akashuka ngazi, akatoka nje kwenye jua.

Kesi nne zilikuwa mbele yao. Zikaitwa moja moja. Twiga alifika, amevaa tai, uso umefunga. Naye hakwenda shuleni. Kama kesi ipo, kazi ni kazi. Akakaa upande wake. Hawakusalimiana, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Kifungu alitazama mlango. Mzee asiporudi, kesi itafutwa, na kwenye makaratasi ya dunia hii Mama Pasi atabaki mtu aliyeacha kazi. Na hata hivyo asingeweza kumlaumu. Mtu akichomwa mara tatu na moto ule ule, ana haki ya kwenda kuota jua.

Karani akaita jina la kesi. Akaliita tena.

Mzee akaingia. Alivua kofia. Hakwenda kukaa nyuma ya Kifungu. Alikwenda kukaa benchi la upande mwingine, peke yake, mpaka alipoitwa kuapa.

Kabla hajaapa, Kifungu aliomba kusema. Alimwambia hakimu kwamba faili linaonyesha kesi imeahirishwa mara tatu, na aliyetakiwa kutoa ushahidi wa kwanza amefariki ndani ya muda huo. Alisema maahirisho hayo yalikuwa ya kupatana, mawili aliyaridhia na moja aliliomba yeye, na anataka liandikwe kwamba mdai hakuchelewesha kitu. Hakimu alimtazama juu ya miwani, akamuuliza kama anajua anachokisema. Akajibu anajua. Hakimu akaandika, taratibu, na alipomaliza akatazama kidogo kalamu yake mwenyewe. Naye alikuwamo, maana ni yeye aliyekubali zote tatu.

Mzee akaapa. Akaeleza kwa sentensi fupi. Mkono ulipopona, mkewe alisema leo narudi kazini. Yeye alimsindikiza, akambebea mfuko, maana ule mkono ulikuwa haujapata nguvu. Ndani ya mfuko kulikuwa na sare ya kazi, imefuliwa. Walifika getini. Mlinzi akamwambia hayumo tena, aliacha kazi. Mkewe akasema, mimi nimeacha kazi na sare hii nimeileta ya nini? Wakasimama pale mpaka wafanyakazi wote wakaingia. Kisha wakarudi.

Twiga akanyanyuka kumhoji. Alimhoji kwa adabu. Aliuliza, mzee, siku mfuniko ulipoanguka, ulikuwepo? Sikuwepo. Msimamizi alipoambiwa kwamba mfuniko umelegea, ulisikia kwa masikio yako? Sikusikia. Nani alisikia? Mzee akamtazama, kisha akamtazama Kifungu, akasema, "Alisikia marehemu."

Twiga akasema hana swali zaidi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akakaa na kuegemeza kichwa mkononi, yule mtu mrefu, akawa mfupi.

Shuleni siku hiyo walipata wakili mwingine, wa mambo ya ushuru. Inasemekana alizungumza vizuri.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki chache, bila kuahirishwa. Kuhusu kazi, hakimu alisema ushahidi wa mume haukutikisika: mtu aliyekwenda getini na sare yake hakuacha kazi, aliachishwa isivyo halali. Kuhusu mkono, alisema dai halikuthibitishwa. Hakuna aliyebaki wa kueleza kilichosemwa kabla mashine haijamuunguza.

Hakimu alikuwa anafunga faili mzee aliponyanyuka. Haikuwa zamu yake kusema, na karani alimwashiria akae. Hakukaa. Akaomba, kama inawezekana, pale pa kwanza pasomwe tena. Alisema mwenyewe hayupo, basi angependa apasikie vizuri ili asije akakosea.

Hakimu akafungua faili. Akasoma tena, kwa sauti, neno kwa neno: hakuacha kazi. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo inamcheza kidogo kama mtu anayekariri.

Nje ngazini Kifungu alimngoja. Mzee akateremka polepole, kwa sababu ya magoti, mkono ukutani. Akasimama ngazi moja juu yake.

"Ile ya mkono," akasema.

"Ile ya mkono ilimhitaji yeye."

"Angekuwepo siku ya kwanza."

"Ndiyo. Angekuwepo, tungeishinda nayo."

Mzee akatikisa kichwa, kama alivyokuwa akifanya zamani mkewe akizungumza. Kifungu akasema, nisamehe, mzee wangu. Alilisema neno hilo kwa mara ya kwanza, na likatoka kavu.

Yule mzee alivaa kofia yake.

"Mke wangu alikupenda," akasema. "Mimi bado."

Kisha akamwomba amshike mkono, ngazi zilizobaki zilikuwa mbaya, na wakashuka pamoja mpaka chini.